ICU: Kwa nini mrija wa kupumulia huchomoka, na nini hufuata

Ukimkuta ndugu yako ICU amefungwa mikono kitandani, kinachokujia kwanza ni hasira. Kwani amekosa nini? Ukiuliza, jibu la muuguzi huwa fupi: asije akachomoa mrija.

Hofu hiyo ni ya kweli. Mrija wa kupumulia kutoka kabla ya wakati wake ni moja ya ajali zinazoogopwa zaidi katika wodi za wagonjwa mahututi, kokote duniani. Ila kumfunga mgonjwa siyo kinga kama wengi wanavyodhani.

Mrija huu ukoje?

Ni mpira wa plastiki unaopitishwa mdomoni, ukavuka nyuzi za sauti na kuingia kwenye koo la hewa. Ncha ya nje huunganishwa na mashine ya kupumulia. Karibu na ncha ya ndani kuna kiputo kidogo kinachojazwa upepo ili hewa isivuje na mate yasishuke mapafuni.

Kwa sababu umepita katikati ya nyuzi za sauti, mgonjwa hawezi kuongea hata akiwa macho kabisa.

Mrija una alama za sentimita. Kwa kawaida, kwa mwanamke mtu mzima husimama kwenye 21 hivi usawa wa meno, na kwa mwanaume 23. Namba hiyo huandikwa kwenye faili na kukaguliwa kila zamu. Ikibadilika, mrija umesogea.

Na kusogea si lazima uvutwe. Mgonjwa akiinamisha kichwa mrija huzama zaidi, akikiinua juu hupanda, wakati mwingine kwa karibu sentimita 2. Kwa mtu mzima hiyo ni nafasi ndogo. Kwa kichanga, ambaye koo lake lote la hewa lina urefu wa kama sentimita 4 tu, ni janga.

Unachomokaje?

Kuna njia mbili. Ya kwanza, na ndiyo inayotokea zaidi, mgonjwa anauchomoa mwenyewe. Ya pili ni ajali wakati anahudumiwa: anageuzwa ubavu, anaogeshwa, anabadilishiwa shuka, anapigwa eksirei au anahamishwa kwenda kipimo cha CT. Mpira wa mashine unanasa kwenye reli ya kitanda, mmoja anavuta shuka, basi.

Plasta nayo ina mchango wake. Mate, jasho na ndevu huifanya ibanduke taratibu bila mtu kugundua.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikuta matukio kati ya 0.1 na 3.6 kwa kila siku 100 za mrija. Yaani ICU yenye wagonjwa 10 wenye mirija, ndani ya siku 10 tu, inaweza isipate tukio lolote au ikapata matatu hadi manne. Pengo hilo kubwa linaonyesha kwamba hii si bahati mbaya tupu. Namna wodi inavyofanya kazi inachangia sana.

Kwa nini mtu achomoe kitu kinachomwokoa?

Kwa sababu mara nyingi hajui kwamba kinamwokoa. Fikiria unazinduka, hujui uko wapi wala ni saa ngapi, kuna kitu kimekukaba kooni, una kiu, unasikia maumivu, ukijaribu kusema sauti haitoki. Mkono utaenda mdomoni wenyewe.

Wagonjwa wengi wa ICU pia hupata hali ya kuchanganyikiwa ghafla ambayo madaktari huiita deliriamu. Huletwa na ugonjwa wenyewe, baadhi ya dawa za usingizi, kukosa usingizi wa kawaida, na taa zinazowaka usiku kucha. Mgonjwa anaweza kuona watu wasiokuwepo au kuamini kwamba wauguzi wanataka kumdhuru. Akichomoa mrija, kwake yeye anajiokoa.

Dakika za kwanza

Dalili ya haraka ni sauti. Mgonjwa ambaye hakuwa anaweza kuongea anaanza kukoroma, kulia au hata kuita jina la mtu. Mashine inapiga kelele. Kifua hakipandi vizuri. Kiwango cha oksijeni kinaanza kushuka.

Hapo si mchezo. Ubongo ukikosa oksijeni kabisa, ndani ya dakika nne hadi sita hivi unaweza kuanza kupata madhara yasiyorudi nyuma. Muuguzi huita msaada, huweka barakoa ya oksijeni, na kama mgonjwa hapumui vya kutosha humpulizia hewa kwa mfuko wa mkono. Ndipo daktari anaamua: mrija urudishwe, au mgonjwa aachwe apumue mwenyewe huku akiangaliwa kwa karibu?

Kuurudisha si rahisi kama mara ya kwanza. Koo linaweza kuwa limevimba, na kiputo kilichotoka kikiwa bado na upepo kinaweza kuumiza nyuzi za sauti.

Lakini kuna upande mwingine usiozungumzwa sana. Katika tafiti nyingi, karibu nusu ya waliotokwa na mrija hivi hawakuhitaji kurudishiwa. Walikuwa wameshapona vya kutosha. Kwa hiyo swali linageuka: mbona ulikuwa bado upo?

Funzo kutoka Uingereza

Mwaka 2011, chuo cha kitaifa cha madaktari wa usingizi nchini Uingereza na chama cha wataalamu wa njia ngumu za hewa walitoa ripoti kubwa iitwayo NAP4. Kwa mwaka mzima, hospitali za umma zilikuwa zimeripoti kila ajali kubwa iliyohusu njia ya hewa ya mgonjwa.

Ajali 184 ziliingia kwenye ripoti, 36 kati yake zikiwa za ICU. Nusu ya hao wa ICU, watu 18, walifariki. Kilichowashtua wengi ni kwamba hatari haikuwa tu wakati wa kuweka mrija. Wagonjwa kadhaa walidhurika baada ya mrija kuhama, hasa ile inayopitishwa kwenye tundu la shingoni, na wenye unene uliopitiliza walijitokeza mara nyingi.

Kifaa kimoja kilitajwa sana: kapnografia. Hupima hewa ya kabonidayoksaidi anayotoa mgonjwa na kuichora kama mawimbi kwenye skrini. Mrija ukitoka mahali pake, mawimbi hupotea papo hapo. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni huchelewa, kwa kuwa mwili bado una akiba. Ripoti ilisema kutotumia kifaa hicho huenda kulichangia zaidi ya asilimia 70 ya vifo vile vya ICU.

Je, kumfunga mikono kunasaidia?

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Kwa akili ya kawaida, mkono uliofungwa haufiki mdomoni. Lakini utafiti wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba kufungwa kuliambatana na uwezekano mkubwa zaidi wa mrija kuchomoka, kama mara tatu. Wengine huinamisha kichwa hadi mkono uliofungwa ukaufikia mrija.

Ni kweli, wanaofungwa mara nyingi ndio waliokuwa wanahangaika tangu mwanzo, hivyo si rahisi kusema kamba ndiyo chanzo. Hata hivyo, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 kuhusu maumivu na utulivu wa wagonjwa wa ICU ulibainisha kwamba hakuna ushahidi thabiti kuwa kufunga kunazuia ajali hizi, na kunaweza kuongeza mahangaiko.

Kinachosaidia ni mambo ya kawaida: kutibu maumivu kwanza, kutompa mgonjwa dawa nyingi za usingizi kuliko anazohitaji, kukagua plasta na namba ya mrija kila zamu, na kumgeuza kwa watu wa kutosha huku mmoja kazi yake ikiwa kushika mrija tu.

La muhimu zaidi ni kuuliza kila siku kama mrija bado unahitajika. Utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2000 ulihusisha wagonjwa 128. Waliositishiwa dawa za usingizi kila siku ili wapimwe walikaa kwenye mashine siku 4.9, wenzao siku 7.3. Siku chache za mrija ni nafasi chache za ajali.

Yote haya yanahitaji watu. Uingereza, kiwango ni muuguzi mmoja kwa kila mgonjwa aliye kwenye mashine. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazina uwezo huo, na hapo kamba huziba pengo la muuguzi.

Ndugu wafanye nini?

• Usimfungue mikono kimyakimya. Muulize muuguzi kwa nini amefungwa na lini ataangaliwa tena. Ukiwa umekaa naye umemshika mkono, omba afunguliwe kwa muda huo.

• Usiuguse mrija wala kumwinua peke yako, hata akionekana kalala vibaya.

• Ongea naye. Mwambie yuko hospitali, ni siku gani, na kwamba sauti yake itarudi mrija ukitolewa. Rudia kila unapokuja.

• Mpelekee miwani au kifaa chake cha kusikia. Kama ana nguvu, mpe karatasi na kalamu, au mkubaliane ishara ya "ndiyo" na "hapana".

• Ukimsikia anatoa sauti, ukaona plasta imebanduka, au mkono unauendea mrija, ita muuguzi hapohapo. Usiogope kuonekana msumbufu.