Kidhibiti Chaji cha Sola Kwenye Gari la Kambi: Namna ya Kukiunganisha kwa Usalama

MAGARI yanayotengenezwa upya ili msafiri aweze kulala, kupika na kuhifadhi chakula ndani yake si kitu kigeni tena katika barabara za Arusha, Karatu na Namanga. Mengine ni Toyota Land Cruiser zenye hema juu ya paa, mengine ni Toyota Hiace zilizong'olewa viti vya abiria na kuwekwa kitanda, jiko dogo na friji. Mengi ya magari hayo hutumia mpangilio unaofanana: paneli ya sola juu ya paa, betri ya pili chini ya kiti au kitanda, na katikati yake kisanduku kidogo ambacho mafundi wengi hukiita chaji kontrola, na ambacho katika makala haya kitaitwa kidhibiti chaji.

Kisanduku hicho ndicho kinachoamua iwapo umeme wa jua utafika kwenye betri kwa kiasi kinachofaa. Kikiunganishwa vibaya, friji huzima usiku na betri huharibika kabla ya wakati wake. Jambo lililo zito zaidi ni moto. Ndani ya gari la kambi, betri, godoro la sponji, mtungi wa gesi na tangi la mafuta hukaa ndani ya umbali wa mita chache, na mara nyingi mlango wa kutokea ni mmoja. Waya unaopata joto chini ya kitanda huwa unapata joto chini ya mtu aliyelala.

Paneli inayouzwa kama ya volti 12 haitoi volti 12. Ikiwa juani bila kuunganishwa na kitu chochote, hutoa takribani volti 22, na inapofanya kazi hutoa takribani 18. Betri ya asidi na risasi ya aina ya AGM, kwa upande wake, huhitaji takribani volti 14.4 wakati wa kujazwa, kisha ishushwe hadi karibu 13.6 ikishajaa. Ikiachwa ichajiwe na paneli moja kwa moja, betri hupata joto, hupoteza maji yake na kutoa gesi ya hidrojeni, ambayo huwaka kwa cheche ndogo. Kazi ya kwanza ya kidhibiti chaji ni kuzuia hali hiyo, na kazi ya pili ni kuzuia umeme wa betri usirudi kwenye paneli usiku.

Vidhibiti viko vya aina mbili. Cha bei nafuu, kijulikanacho kama PWM, huiunganisha paneli na betri na kukata mkondo mara nyingi kwa sekunde kadiri betri inavyojaa. Cha bei ya juu, MPPT, huiacha paneli ifanye kazi katika volti inayoipa nguvu kubwa zaidi, kisha hubadili volti hiyo kuwa ile inayohitajiwa na betri. Tofauti hii huwagharimu wengi bila wao kujua. Paneli kubwa ya wati 250 yenye seli 60, ya aina inayofungwa juu ya mapaa ya nyumba, hufanya kazi karibu na volti 30 na kutoa takribani ampea 8.3. Ikifungwa kwenye PWM na betri ya volti 12, ampea zile zile 8.3 hupita kwa volti 13, na mmiliki hupata takribani wati 108 kati ya 250 alizolipia. Anayetaka kutumia PWM hana budi kununua paneli ya seli 36. Anayetaka kutumia paneli ya nyumba hana budi kununua MPPT.

Kabla ya kununua kidhibiti, inafaa kupiga hesabu ya mahitaji. Tanzania hupokea wastani wa kilowati-saa 4 hadi 7 za nishati ya jua kwa kila mita ya mraba kwa siku, kutegemea eneo na msimu. Kwa makadirio ya saa 5 za jua kamili, paneli ya wati 200 hutoa wati-saa 1,000, na baada ya upotevu wa joto, vumbi na paneli kulala bapa juu ya paa, hubaki takribani 700. Friji ndogo ya volti 12 inayotumia wati 45, ikifanya kazi nusu ya saa 24, hula 540 kati ya hizo. Taa na chaji za simu huchukua sehemu kubwa ya salio. Kwa ukubwa wa kidhibiti, wati 200 zikigawanywa kwa volti 12 huleta karibu ampea 17. Hivyo kidhibiti cha ampea 20 kinatosha.

Katika kuunganisha, mpangilio wa hatua una umuhimu kuliko wengi wanavyodhani. Betri huunganishwa kwanza, paneli mwisho. Vidhibiti vingi husoma volti za betri ili vitambue iwapo mfumo ni wa volti 12 au 24. Vikipokea umeme wa paneli kabla ya betri, vinaweza kukosea utambuzi huo au kuungua, kwa kuwa umeme huo hauna mahali pa kwenda. Wakati wa kufungua, utaratibu hugeuzwa: paneli hutolewa kwanza, betri mwisho. Paneli haina swichi ya kuizima, na maadamu kuna mwanga ina umeme. Fundi makini huifunika kwa blanketi au turubai zito kabla ya kushika nyaya zake, na hupima kwa multimita ncha ipi ni chanya na ipi ni hasi hata kama rangi za nyaya zinaonekana kuwa sahihi.

Kati ya betri na kidhibiti lazima kuwe na fyuzi, nayo ikae kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 20 hivi. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuiweka karibu na kidhibiti kwa sababu hapo ni rahisi kuifikia. Fyuzi hailindi kisanduku peke yake, hulinda waya. Betri ya ampea-saa 100 ikipata shoti inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja, na waya uliokatika ganda kwenye ukingo wa bati hugeuka mwekundu ndani ya sekunde chache. Ikiwa fyuzi iko mita mbili mbele ya mahali penye shoti, mkondo huo hauipitii, na haitakatika. Kwa kidhibiti cha ampea 20 na nyaya za milimita 6 za mraba, fyuzi ya ampea 25 inafaa. Ikumbukwe pia kuwa swichi za kukata umeme zinazotumika majumbani hutengenezwa kwa mkondo geu. Umeme wa sola ni mkondo mnyoofu, ambao cheche yake haizimiki kirahisi swichi inapofunguka, kwa hiyo swichi inayonunuliwa lazima iwe imeandikwa kuwa inafaa kwa mkondo mnyoofu na kwa volti za mfumo husika.

Unene wa nyaya nao hauna budi kuangaliwa. Kwa mfano, kidhibiti kilichofungwa mita 4 kutoka kwenye betri kwa nyaya za milimita 2.5 za mraba kinapopitisha ampea 15, karibu volti 0.84 hupotea njiani kwa kwenda na kurudi. Kidhibiti husoma 14.4 kwenye ncha zake na kuanza kupunguza mkondo, ilhali betri yenyewe iko 13.6. Jua linazama betri haijajaa, na mwenye gari hulaumu betri. Kidhibiti hicho hicho kikisogezwa hadi mita 1 na kuwekewa nyaya za milimita 6, upotevu hushuka hadi chini ya volti 0.1. Kwa sababu hiyo, ni bora kidhibiti kikae karibu na betri na umbali mrefu uachwe upande wa paneli, ambako volti ni kubwa zaidi. Kisifungwe juu ya betri yenyewe, kwa sababu ya gesi iliyotajwa, wala ndani ya kabati lisilopitisha hewa.

Hatari nyingine hujificha hadi gari lipande milimani. Kila kidhibiti kina kikomo cha volti kinachoweza kupokea kutoka kwenye paneli, na kikomo hicho huandikwa kwenye bamba lake. Paneli mbili za seli 60, kila moja ikitoa volti 37.5 zikiwa hazina mzigo, zikiunganishwa kwa mfululizo hutoa 75. Fundi wa Dar es Salaam akipima mchana, wakati seli zina joto la nyuzi 45, atasoma takribani 70 na kuridhika na kidhibiti chenye kikomo cha 75. Lakini volti za paneli huongezeka kadiri baridi inavyozidi, kwa takribani asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja chini ya 25. Gari hilo likilala kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kupambazukiwa katika nyuzi 10, miale ya kwanza ya jua hukuta paneli zikiwa baridi, na volti hufika 78. Kidhibiti kilichofanya kazi miezi yote pwani kinaweza kufa asubuhi hiyo, mbali na duka la vipuri. Dawa yake ni kuacha nafasi ya angalau theluthi moja juu ya hesabu ya paneli, au kuziunganisha paneli kwa sambamba. Sambamba husaidia pia kivuli cha mti au cha mzigo kinapoangukia paneli moja, kwani nyingine huendelea na kazi yake.

Gari lina tabia nyingine ambayo nyumba haina: bodi na chesisi yake vimeunganishwa na ncha hasi ya betri. Baadhi ya vidhibiti vya PWM vya bei nafuu huunganisha chanya zote pamoja ndani yake na kudhibiti mkondo kwa kukata upande wa hasi. Fundi akichukua hasi ya paneli, au hasi ya taa, na kuifunga kwenye bodi kama alivyozoea katika umeme wa magari, mkondo hupita kwenye bati na kukiruka kidhibiti. Kwa paneli, maana yake ni betri kuchajiwa bila kikomo chochote huku taa ya kidhibiti ikionesha kuwa mambo ni shwari. Kwenye kidhibiti cha namna hiyo, nyaya za hasi za paneli na za mizigo hurejeshwa kwenye ncha zake zenyewe, bila kugusa bodi. La sivyo, kinunuliwe chenye hasi ya pamoja.

Inveta inayotoa umeme wa volti 230 isifungwe kwenye ncha za mzigo za kidhibiti, hata kama ziko wazi na zinavutia. Inveta ya wati 1,000 huhitaji zaidi ya ampea 80 kutoka kwenye betri ya volti 12, wakati ncha hizo mara nyingi hazizidi ampea 20. Hufungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa nyaya nene na fyuzi yake yenyewe. Vilevile, betri ya pili ikichajiwa pia na injini kupitia relei au kifaa maalumu, njia hiyo iwe na fyuzi kwenye kila mwisho wenye betri.

Baada ya kuunganisha, kidhibiti huelekezwa aina ya betri. Betri za lithiamu hazipaswi kuwekewa mpangilio wa kusawazisha seli uliokusudiwa betri za maji, ambao hupandisha volti hadi kufikia 15 au zaidi. Betri hizo hazichajiwi zikiwa chini ya nyuzi 0.

Barabara za vumbi zenye mawimbi, kama zile za kuelekea Serengeti, hulegeza skrubu kuliko kitu kingine. Ncha za kidhibiti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu, na tundu ambalo nyaya hupitia kwenye bati liwekewe mpira ili ukingo usikate ganda. Ncha iliyolegea hutoa joto bila kupandisha mkondo, kwa hiyo fyuzi haitasema lolote. Kidole kikigusa ganda la waya kwa tahadhari baada ya saa moja ya jua kali kitasema.

Kwa wasiokuwa na ujuzi, kazi hii hukabidhiwa kwa fundi umeme mwenye leseni inayotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), na ni haki ya mteja kuomba kuiona kabla ya kulipa. Vifaa vikaguliwe alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na bamba la kidhibiti lisomwe dukani, si nyumbani. Betri chakavu zina risasi na asidi. Hupelekwa kwa wakusanyaji wenye kibali cha taka hatarishi. Ndani ya gari, kizimamoto kiwekwe karibu na mlango, mahali ambapo mtu aliye nje anaweza kukifikia. Moto ukitokea, watu hutoka kwanza, kisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa simu kwa namba 114.