Mgeni wa Kiwalani, Anza na Shikamoo

Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere uko jirani kabisa na Kiwalani, lakini wengi wanaotua pale hawataijua Kiwalani maisha yao yote. Wanapanda teksi, wanashika Barabara ya Nyerere kuelekea mjini, na kesho yake wako Masaki au kwenye boti ya Zanzibar. Anayefika Kiwalani ni mgeni wa aina nyingine: mpwa aliyetoka Tabora kutafuta kazi, mfanyabiashara wa Bukavu aliyefikia kwa rafiki, binti wa Nairobi aliyekuja kufanya mafunzo kwa vitendo. Kata yenyewe ni ya Ilala, ingawa ukisogea kidogo tu uko Yombo, na Yombo ni Temeke. Kwa desturi za mtaani mpaka huo hauna kazi.

Mgeni huyu kwa kawaida amejiandaa. Amesikiliza Bongo Fleva, ametazama video, amekusanya maneno yake: mzuka, mchongo, mishe, noma, kausha. Akishuka tu kituo cha Bombom anataka kuyatumia. Ushauri wangu, baada ya kuifuatilia lugha ya mitaani kwa muda mrefu, ni kwamba maneno hayo ayasikie kwanza na kuyasema kungoje. Kinachotakiwa kuwahi ni salamu.

Shikamoo apewe nani? Vitabu vinasema aliyekuzidi umri, lakini mtaani hesabu ina mambo mengi. Anapewa mtu wa rika la wazazi wako, hilo halina mjadala. Anapewa kaka mkubwa wa rafiki yako. Anapewa mama mkwe hata kama mmezaliwa mwaka mmoja, kwa sababu hapo kinachoamkiwa ni nafasi yake. Lakini mpe shikamoo mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyejipamba akienda harusini, akujibu, "Shikamoo ya nini, unanizeesha?" Ukiwa na shaka, kimbilia "Habari za saa hizi", ambayo haimkwazi mtu. Ukiwakuta wazee wengi kwenye kijiwe cha kahawa, "Shikamooni" moja inatosha, na wataitikia kwa pamoja. Ukiona kanzu na kofia, "Asalaam aleikum" nayo inafungua njia. Ila usiwapite kimya. Mtu anayepita kibarazani bila kuamkia hujadiliwa kabla hajafika kona.

"Mambo" na jibu lake "poa" ni habari nyingine. Hii ni salamu ya rika, na rika huzeeka nayo. Waliokuwa vijana miaka ya 1990 wengine wana wajukuu sasa, na bado wanaitana "mambo" wao kwa wao. Wewe mdogo ukiidandia, mzee anaweza kukujibu "poa" kwa sauti inayouliza umelelewa na nani. Hajachukia neno, maana analitumia kila siku. Amechukia kupandishwa kwenye rika lako bila kuulizwa.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa lugha ya mitaani yote ya Dar es Salaam. Mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha utafiti wao wa lugha hiyo pamoja na kamusi ya maneno na misemo kama 1,100. Mengi kati ya hayo hayataji kitu ambacho Kiswahili cha kawaida hakina jina lake. Pesa ina majina yake, na bado mtaani inaitwa mkwanja, mshiko, mpunga, ngawira. Maneno hayo yapo ili watu wajue nani ni mwenzao. Tofauti na Sheng ya Nairobi, ambayo imechota kwa wingi kutoka Kiingereza, Kikuyu, Kijaluo na nyinginezo, lugha ya Dar imebaki ndani ya sarufi ya Kiswahili, na ngeli zake ni zilezile. "Mshikaji amenitosa" ni sentensi safi kabisa ya Kiswahili. Asichokijua mgeni ni kwamba hakuna aliyetumbukizwa majini, kuna mtu ameachwa.

Hata hivyo yako maneno ambayo usipoyaelewa siku ya kwanza utalipa. Jero ni shilingi 500, buku ni 1,000, buku jero ni 1,500. Noti ya 10,000 ni msimbazi, kwa sababu ni nyekundu, na wekundu wa Msimbazi ni Simba, klabu yenye makao yake mtaa huo wa Kariakoo. Tambua pia unavyoitwa. "Kaka", "dada", "anko" na "mama" ni majina ya heshima ya kawaida, na konda atakuita mojawapo hata kama amekuzidi umri. Ukianza kuitwa "bosi" au "tajiri" na muuzaji usiyemjua, jua bei inapanda. Na ukisikia watu wanasema fulani "ameingizwa mjini", usidhani amepokewa vizuri. Ametapeliwa.

Daladala ni shule nzuri, tena ya bei nafuu. Jina lenyewe lilizaliwa mtaani, kutokana na dala, yaani shilingi tano, iliyokuwa nauli enzi hizo. Leo limo kwenye kamusi na hakuna anayelikumbuka kuwa la kihuni. Mabasi ya mradi wa mwendo wa haraka yalipoanza Mei 2016, serikali ilikuwa na jina lake na watu wakawa na lao, mwendokasi, na tunajua lipi limeshinda. Ndani ya gari dereva ni suka, na anayeshika zamu ya mwenzake kwa siku moja ni deiwaka. Konda akiuliza "Bombom wapo?" anayeshuka anajibu "Wapo!" au "Shusha!" kwa sauti inayofika mlangoni, ukinong'ona utapelekwa kituo cha mbele na hakuna atakayekuonea huruma. Kama umekaa na mwanafunzi amesimama mbele yako, mpokee begi umpakatie. Mama mwenye mtoto mpokee mtoto, au mpishe kiti. Mambo haya hayajaandikwa popote, lakini abiria wenzako wanayahesabu.

Usitafute namba za nyumba. Dar es Salaam inaelekezana kwa vituo na kwa watu: Kwa Azizi Ally, Mwananyamala Kwa Kopa, Buguruni Malapa, Mbagala Rangi Tatu. Utaambiwa shuka Bombom, ingia ndani kidogo, kisha ulizia. Na kuulizia kuna utaratibu wake. Unamwamkia unayemuuliza, unangoja aitikie, unasema "samahani", ndipo unaeleza shida yako. Anayeanza na "Eti, kwa fulani wapi?" anaweza kuelekezwa vizuri, au akaelekezwa Vingunguti.

Jambo linalowakwaza zaidi wageni wa Kenya, kwa ninavyoona, ni namna ya kuomba kitu. Nairobi mtu husema "Nipe chai" na hakuna aliyekosewa. Kiwalani, hata kwa mama ntilie unayemlipa, ni "Naomba chai", na dukani ni "Mangi, naomba sabuni", hata kama mwenye duka hajawahi kufika Kilimanjaro. Kukataa nako kuna adabu yake. "Nitakuja", "tutaangalia" na "Mungu akipenda", vikisemwa haraka bila siku wala saa, vina maana ya hapana. Usimfuate mtu kesho yake kudai ahadi ambayo hakuitoa.

Nyumba nyingi utakazofikia ni za Kiswahili: kibaraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na uani nyuma ambako ndiko jikoni, bafuni na chooni. Huko uani ndiko nyumba inakoishi, na wanawake wako huko na khanga zao. Piga hodi mlangoni, usikatize ukumbini hadi uambiwe karibu. Wapangaji wengi huchangia mita moja ya LUKU, kwa hiyo kabla ya kuchomeka pasi muulize mwenyeji wako. Nimeona vyumba viwili vikinuniana mwezi mzima kwa ajili ya umeme wa mgeni. Ukipita watu wanakula watakwambia "Karibu". Ukiwa huli, jibu "Starehe" au "Asante, nimeshiba". Ukikaa, nawa, tumia mkono wa kulia, kula upande wako wa sinia, na nyama iache hadi mkubwa aigawe.

Halafu kuna msiba, ambao kwa mgeni ni mtihani mkubwa kuliko harusi. Utaliona turubai limefungwa katikati ya njia na viti vimepangwa. Wanaume wako nje, wanawake ndani au kwenye mikeka. Hata kama hukumjua marehemu, ingia, sema "Poleni", kaa kidogo, toa ulichonacho kwa mwenye daftari. Mwanamke ajifunge khanga hata juu ya suruali. Misimu yote inabaki nje ya turubai; kijana mwenye maneno mengi kuliko wote kijiweni utamwona pale akizungumza kama babu yake. Lakini usishangae mtu mzima akiingia na vituko, akamkejeli marehemu na kuzuia jeneza hadi apewe chochote. Huyo ni mtani. Wazaramo na Wanyamwezi wana utani, Wapare na Wachaga vilevile, na ruhusa hiyo ni ya kurithi. Mgeni hajapewa, acheke tu.

Ruhusa iliyo wazi kwa kila mtu ni ya Simba na Yanga. Utaulizwa siku ya kwanza uko wapi; chagua upande, maana asiyechagua huonekana anaficha kitu. Pia utawasikia wenyeji wakijiita watu wa uswahilini na kucheka. Wewe usiwaite hivyo.

Ukikaa zaidi ya siku chache, mwombe mwenyeji wako akupeleke kwa mjumbe na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ufahamike. Mwenyekiti anaweza kuwa kijana wa rika lako. Mwamkie kwa cheo chake. Siku utakapotaka kufungua akaunti benki au kushughulikia kitambulisho, barua ya utambulisho itatoka mezani kwake.