Utingo wa Ruiru huuza viti, hulipwa masalio

KIJANA anayetafuta kibarua cha kwanza mjini Ruiru mara nyingi huanzia mlangoni mwa matatu. Utingo huuza safari: huita abiria, hutaja nauli, hupokea pesa na kurudisha chenji.

Utata uko kwenye ujira. Kila siku tajiri mwenye gari hudai hesabu yake kamili. Hesabu hiyo na gharama ya mafuta zikishatolewa, kinachosalia ndicho hugawanywa baina ya dereva na utingo.

Asubuhi mambo huwa shwari. Wafanyakazi wanaoelekea Nairobi hujaza gari namba 145 kwa muda mfupi, ila hurudi likiwa na viti vitupu. Jioni mkondo hugeuka. Mchana utingo huita hadi koo likamkauka, na mpigadebe wa kituoni naye hudai chake, hata pale abiria walipojiingilia wenyewe!

Kanuni za Februari 2004, zilizosimamiwa na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, ziliwavisha wahudumu sare, zikaweka kikomo cha abiria 14 katika matatu ndogo na kuwataka wenye magari walipe mshahara wa mwezi. Sare zilionekana upesi. Mshahara haukuwafikia wengi.

Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa Novemba 2012, ilifupisha safari na kuwezesha mizunguko zaidi. Hata hivyo, gari likiharibika adhuhuri kabla hesabu haijatimia, utingo hurejea nyumbani mikono mitupu.