UZI: "Kusajili biashara ni elfu moja tu." Ni kweli, lakini hiyo si hesabu yote

1/ Kila msimu wa siasa wimbo ni ule ule. Mmoja anapanda jukwaani anasema, "Siku hizi unasajili biashara kwa simu, hata elfu moja haifiki!" Mwingine anajibu, "Leseni zinamaliza wafanyabiashara wadogo!" Watu wanagawanyika, matusi yanaanza. Shida ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli, maana hawaongelei kitu kimoja. Twende polepole.

2/ Tuanze na usajili wenyewe. Hiyo ni kazi ya serikali kuu kupitia Business Registration Service (BRS), iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Unaingia eCitizen, unajaza, unalipa. Kwa miaka kadhaa bei imekuwa Sh950 kwa jina la biashara na Sh10,650 kwa kampuni ya kibinafsi, juu yake ada ndogo ya mfumo. PIN ya KRA ni bure. Ukilipishwa saiba, hiyo ni pesa ya mtu aliyekujazia fomu, si ya serikali.

3/ Usichague kwa bei peke yake. Ukisajili jina tu, wewe na biashara ni kitu kimoja: ikidaiwa, unadaiwa wewe, na mali yako iko hatarini. Kampuni inajisimamia kisheria, na tangu Sheria ya Makampuni ya 2015 hata mtu mmoja anaweza kuwa nayo peke yake. Lakini kampuni ina kazi zake kila mwaka: ripoti kwa BRS na ritani kwa KRA, hata kama haikuuza kitu. Ikichelewesha ritani ya kodi ya mapato, faini inaanzia Sh20,000. Wengi hufungua kampuni kwa sababu jina linasikika kubwa, halafu wanashtukia deni.

4/ Kufikia hapo, yule wa kwanza jukwaani hajadanganya. Lakini cheti cha BRS kinasema tu jina hili ni lako. Hakikuruhusu kufungua mlango. Ruhusa hiyo unaitafuta kwa kaunti, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliwapa kaunti kazi ya leseni za biashara.

5/ Chukua mfano wa mama anayeuza chapati na chai kando ya barabara. Tumwite Mama Chapo. Ameweka akiba, anataka kuhamia chumba kidogo, aweke meza nne na aajiri vijana wawili. Amesikia ni elfu moja. Anasajili jina kwa simu, dakika chache. Anafurahi. Kisha anaenda ofisi za kaunti.

6/ Huko anaambiwa: kibali cha biashara, bei kulingana na aina, ukubwa na mahali. Cheti cha zimamoto. Cheti cha afya cha jengo. Yeye na vijana wake kupimwa hospitali kama watu wanaoshika chakula, na vipimo hivyo hurudiwa kila miezi 6. Akitaka bango, alilipie. Akitaka redio iimbie wateja, kuna leseni ya muziki pia, hiyo si ya kaunti. Sasa hesabu yake si ya elfu moja tena.

7/ Shika tofauti hizi tatu. Usajili wa jina unalipa mara moja, kibali unalipa kila mwaka. Usajili ni bei moja nchi nzima, kibali kinategemea uko kaunti gani. Na kubwa zaidi: kodi ya mapato kwa kawaida inatozwa kwa faida, lakini kibali unalipa kabla hujauza hata kikombe kimoja. Ukifunga baada ya miezi 3, pesa imeenda.

8/ "Basi kaunti zifute leseni!" Subiri. Leseni ni moja ya njia chache ambazo kaunti ina pesa yake bila kungoja mgao wa Nairobi. Taka sokoni, choo, taa, vyote vinataka pesa. Mwanasiasa akiahidi kufuta, muulize pengo litazibwa na nini. Na anayetetea ada, muulize choo cha soko kiko wapi.

9/ Utasikia pia mtu akitaja ripoti ya Benki ya Dunia iliyoiweka Kenya nafasi ya 56 kati ya nchi 190. Hiyo ni Doing Business ya 2020. Ilipima kampuni, tena Nairobi. Haikumpima Mama Chapo wa Busia. Na Benki yenyewe iliacha kuitoa 2021 baada ya dosari kupatikana kwenye data zake.

10/ Wengine wanasema, "Si akae tu bila leseni?" Wengi wanafanya hivyo. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo kidogo iko katika jua kali. Lakini kukaa nje si bure. Kuna tiketi ya kila siku, kuna kukimbizana na kanjo, kuna sufuria kubebwa. Tena bila karatasi, benki haikuangalii na zabuni huwezi kuomba. Anayekosa pesa ya kulipa mara moja kwa mwaka huishia kulipa kidogo kidogo maisha yote.

11/ Wewe una sauti hapa. Ada za kaunti hupangwa kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, na lazima wananchi washirikishwe. Si mapambo hayo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kile kikao cha ukumbini ambacho huwa hatuendi ndipo bei ya kibali inapoamuliwa.

12/ Kwa hivyo mdahalo ujao, mtu akitaja "gharama ya kusajili biashara", muulize manne:
– Ni ada gani, ya jina au ya kibali?
– Inalipwa mara ngapi?
– Inaenda kwa nani?
– Mtu mdogo anaweza kuilipa kwa awamu, baada ya kuanza kuuza?
Akishindwa la nne, ujue Mama Chapo hayuko kwenye mpango wake.

Mpitishie anayetaka kufungua biashara. Na utuambie hapa chini: kaunti yako ilikuitisha ngapi mwaka wa kwanza, na ulipata nini kwa hiyo pesa?