Kinanda Kisichoshikika: Sintesaiza ya Programu Inapotolewa Zawadi

Sintesaiza ya programu ni kinanda kilichomo ndani ya kompyuta. Hakina mbao, hakina nyaya, wala hakina vitufe vya kugusa; ni hesabu zinazokokotolewa kwa kasi kubwa na kugeuzwa kuwa sauti. Mpigaji huchomeka kibodi ndogo ya muziki kwa waya wa USB, au akiikosa hutumia kibodi ileile ya kuandikia barua, na mlio hutoka papo hapo. Chombo hiki ni zawadi ya kawaida katika droo na mashindano ya kirafiki ambayo wanamuziki huandaliana mtandaoni. Mshindi haendi posta kuchukua kifurushi. Hupokea barua pepe yenye mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, na mfuatano huo ndio zawadi yenyewe.

Utendaji wake si fumbo. Sauti yoyote ni mtikisiko wa hewa, na programu huanza na wimbi linalojirudia, kwa mfano mara 440 kwa sekunde, ambayo ndiyo noti ya La inayotumika kulinganishia ala. Wimbi lenye umbo la meno ya msumeno lina ukali wa tarumbeta. Lenye umbo la mraba hutoa mvumo unaokaribia ule wa mwanzi uliozibwa upande mmoja. Wimbi likishapatikana hupitishwa kwenye kichujio kinachopunguza ukali wa juu, kisha programu huamua sauti ianze ghafla au polepole, idumu kiasi gani, na ififie vipi. Kwa kiwango cha ubora kilichotumika kwenye CD, kompyuta hukokotoa thamani 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa spika. Noti sita zikibonyezwa kwa pamoja, kazi nayo huongezeka karibu mara sita, na hapo kompyuta iliyochoka huanza kukatakata sauti.

Wazo la kuiimbisha kompyuta lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1957 mhandisi Max Mathews, akiwa katika maabara za Bell nchini Marekani, aliandika programu iliyotoa kipande cha muziki cha sekunde 17 kwenye kompyuta aina ya IBM 704. Tatizo lilikuwa kasi: sauti ilibidi ikokotolewe kwanza, isikilizwe baadaye, na hakuna mpigaji anayeweza kupiga kinanda kinachomjibu akiwa ameshakwenda nyumbani. Kwa hiyo miongo iliyofuata ilikuwa ya vyombo vya kushikika. Robert Moog alianza kutengeneza sintesaiza zake mwaka 1964 na kutoa Minimoog mwaka 1970. Mwaka 1983 ikaja Yamaha DX7, iliyojengwa juu ya mbinu ya kihesabu aliyoigundua John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. DX7 iliuzwa kwa takriban dola 2,000, na bado ilihesabiwa kuwa nafuu.

Katikati ya miaka ya 1990 kompyuta za nyumbani zilipata nguvu ya kutosha kukokotoa sauti huku mtu akipiga. Kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ilitoa mwaka 1996 utaratibu uitwao VST, unaoiwezesha programu ndogo kuchomekwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia. Mwaka 1999 utaratibu huo ulipanuliwa ili ala za muziki nazo ziweze kuchomekwa. Uamuzi wenye uzito zaidi, hata kuliko ufundi wenyewe, ulikuwa kuwaachia watu wengine wautumie. Kuanzia hapo mtu mmoja mwenye kompyuta, maarifa ya hesabu na usiku mrefu aliweza kutengeneza kinanda na kukisambaza duniani kote.

Hapo ndipo ukarimu wa fani hii ulipoota. Watengenezaji wengi ni kampuni ndogo mno, aghalabu mtu mmoja au wawili, na nakala ya ziada ya programu haiwagharimu karibu chochote. Wakitoa nakala tatu kwa ajili ya shindano, hawapungukiwi na kitu ghalani, na jina la chombo chao linatamkwa na watu wale hasa ambao wangeweza kukinunua. Ukarimu na biashara hapa vimelala kitanda kimoja, na hakuna anayelalamika. Wapo pia waliotoa moja kwa moja bila shindano lolote. Mwaka 2005 Propellerhead ya Stockholm iliacha kuuza ReBirth, programu yake iliyoiga mashine za muziki za zamani za kampuni ya Roland, na kuwaachia watu waipakue bure.

Droo haina maelezo mengi: washiriki hupewa namba, kompyuta huchagua mojawapo bila upendeleo, basi. Shindano ndilo lenye utamu. Mfano unaofahamika sana ni One Synth Challenge, linaloendeshwa na wanajumuiya wa tovuti ya KVR Audio tangu mwaka 2009. Kila mwezi huteuliwa sintesaiza moja, kwa kawaida ya bure, na kila mshiriki hutunga wimbo mzima kwa kutumia hiyo peke yake. Hakuna kuazima ngoma kutoka kwingine. Anayetaka mdundo mzito huchukua wimbi laini na kulishusha kutoka juu hadi chini ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Sikio husikia ngoma. Anayetaka sauti ya upatu huchukua mvumo usio na noti, huondoa sehemu yake ya chini kwa kichujio, na kuukata mapema. Besi, kinanda, kwaya na upepo wa mwisho wa wimbo vyote hutoka chombo kilekile, na mtu akimaliza kazi kama hiyo anakijua chombo chake kuliko aliyekusanya vinanda hamsini bila kufungua hata kurasa za mipangilio. Washiriki husikilizana na kupigiana kura, kisha walio juu huchagua kwa zamu kutoka katika zawadi zilizotolewa na watengenezaji.

Anachopewa mshindi, kisheria, ni ruhusa ya kutumia programu, yaani leseni. Umiliki wa programu hubaki kwa aliyeitengeneza. Ruhusa hiyo huja kwa sura tofauti: namba ya kuandika wakati wa kusakinisha, faili dogo la kuweka mahali maalumu, akaunti kwenye tovuti ya kampuni, au kwa kampuni nyingine usajili kwenye kifaa cha USB kama iLok, ambacho kikipotea huleta usumbufu mkubwa. Nakala za zawadi mara nyingi huwekewa sharti la kutouzwa tena. Hata leseni za kununua hutofautiana: baadhi ya kampuni huruhusu ihamishwe kwa mtu mwingine bure, nyingine hutoza ada, nyingine hukataa kabisa. Mshindi mwangalifu husoma sharti hilo kabla ya kumwahidi rafiki. Na zawadi ya kweli haidai namba ya kadi ya benki wala "ada ya kutumia"; anayeomba hivyo ni tapeli.

Kuna pia suala la kompyuta yenyewe. Programu nyingi za zamani ziliandikwa kwa mfumo wa biti 32, na Apple iliacha kuukubali kuanzia macOS Catalina ya mwaka 2019, hivyo zawadi nzuri inaweza kugoma kufunguka kwenye mashine mpya. Kero nyingine ni ucheleweshaji. Kompyuta hukokotoa sauti kwa mafungu. Fungu la thamani 256 kwa kasi ya 44,100 huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 6, kiasi ambacho mpigaji hakihisi. Fungu likiwa kubwa mara nane, kidole hutangulia na sauti hufuata nyuma, jambo linalomchanganya hata mpigaji hodari. Kwa wenye Windows, dawa ya kawaida ni kutumia mfumo wa ASIO, nao pia ni kazi ya Steinberg.

Wasiobahatika hawabaki mikono mitupu. Dexed huiga DX7 bila malipo. Vital, iliyotolewa na Matt Tytel mwaka 2020, ina toleo la bure linaloshindana na programu za kulipia. Surge iliuzwa kwa miaka mingi hadi mtengenezaji wake, Claes Johanson, alipoifanya programu huria mwaka 2018. Sasa inaendelezwa na watu wa kujitolea kwa jina la Surge XT. Zote huingia ndani ya FL Studio, programu ya Kibelgiji inayotumiwa na maprodyuza wengi wa Afrika Mashariki. Katika studio ambazo programu za wizi zimezoeleka kwa sababu bei ziko kwa dola, hizi ni njia halali zisizohitaji hata senti.

Surge XT ina faida moja inayowahusu hasa wapenzi wa taarabu. Kinanda cha kawaida hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, ilhali makamu, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, kama Rasti na Bayati, zilizofika Zanzibar pamoja na muziki wa Misri, zina noti zinazoangukia katikati ya hatua hizo. Udi, fidla na kanuni huzifikia bila shida. Kinanda hakiwezi, na ndiyo sababu nyimbo nyingi za taarabu ya kisasa hunyooshwa ili zikikubali. Surge XT husoma faili la maandishi la aina ya Scala, ambamo umbali wa kila noti huandikwa kwa senti za muziki, hatua moja ya kinanda ikiwa senti 100. Noti ya tatu ya Rasti huandikwa 350, katikati ya 300 na 400. Mpiga kanuni mzoefu huipandisha au kuishusha kidogo kulingana na wimbo, kwa hiyo tarakimu hiyo ni ya kuanzia tu, na faili linaweza kurekebishwa kwa programu yoyote ya kuandikia hadi sikio liridhike.