Fahamu: Waangalizi wa kujitolea katika vizuizi vya kijeshi vya Israeli huko Palestina

Mkazi wa Kasoli, Tanzania, anayempeleka mgonjwa Bariadi mjini haombi kibali cha askari, ilhali Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi, eneo ambalo Israeli imelikalia tangu Juni 1967, kwa kawaida haingii Yerusalemu bila kupita kizuizi, yaani kituo cha ukaguzi chenye malango ya chuma yanayozunguka, ambapo kitambulisho na kibali chake hukaguliwa.

Tangu 2001 wanawake wa Israeli wa kundi la Machsom Watch (machsom ni neno la Kiebrania lenye maana ya kizuizi) wamekuwa wakisimama katika vituo hivyo, na mwaka 2002 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake, lilianzisha mpango wa usindikizaji ujulikanao kama EAPPI, uliowapeleka watu wa kujitolea kuishi miongoni mwa Wapalestina kwa takriban miezi mitatu.

Kazi ya kuangalia vizuizi huonekana ndogo, lakini si ndogo hata kidogo. Kabla ya alfajiri, katika kituo namba 300 baina ya Bethlehemu na Yerusalemu, waangalizi huhesabu wanaopita, huandika muda ambao foleni imesimama, na hupiga simu pale lango walilotengewa wanawake, wazee na wagonjwa linapokuwa limefungwa. Hawawezi kumwamuru askari, lakini rekodi zao huufanya msongamano wa vizuizi hivyo, ambavyo Israeli husema ni vya usalama, uwe jambo lenye saa, tarehe na idadi ya watu. Januari 2019 EAPPI iliwaondoa waangalizi wake Hebroni, mji mwingine wa Ukingo wa Magharibi, kwa kuhofia usalama wao, na wapita njia wa mji huo wakapungukiwa na macho ya mashahidi.