Matabibu wa Gatwekera

Imekuwa desturi yetu kumwita "daktari" kila mtu avaaye koti jeupe. Lakini mgonjwa aendaye zahanati katika Gatwekera, kijiji kimojawapo cha Kibera mjini Nairobi, mara nyingi hupimwa na mtu ambaye si daktari wala si muuguzi. Huyo ni tabibu, ambaye Serikali humwita afisa wa kliniki.

Tabibu husoma chuoni miaka mitatu, kisha hutumika hospitalini mwaka mmoja chini ya uangalizi wa wakubwa wake. Sheria ya mwaka 1988 ndiyo iliyompa baraza lake na daftari la majina, na nyingine ikatungwa mwaka 2017. Anaruhusiwa kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Wako hata waliorudi masomoni wakajifunza kupasua mtoto wa jicho, kazi ambayo wengi wetu twadhani ni ya madaktari peke yao.

Katika Gatwekera iko Zahanati ya Tabitha, iliyoanzishwa mwaka 2001 na muuguzi Tabitha Atieno Festo kwa faida aliyoipata katika kuuza mboga. Bibi huyo alifariki mwaka 2004, lakini kazi yake haikufa. Baadaye wachunguzi wa KEMRI na wenzao wa Marekani waliitumia zahanati hiyo kuhesabu magonjwa ya mtaa ule.

Hapo ndipo jambo kubwa lilipoonekana. Nairobi iko juu, na malaria huambukizwa huko kwa nadra; hata hivyo kila mwenye homa hupenda kusema ana malaria. Kumbe damu ilipochunguzwa maabarani kati ya mwaka 2007 na 2009, katika kila watu 100,000 walionekana wagonjwa 247 wa homa ya matumbo kwa mwaka, na huko Asembo, mashambani, 29 tu. Watoto ndio walioumwa zaidi. Basi tabibu akikisia vibaya, mtoto hunywa dawa isiyo yake, na siku zinapita. Mwezi wa Julai 2025 Serikali ilianza kuwachanja watoto walio chini ya miaka 15 dhidi ya homa hiyo.

Mwaka 2024 matabibu waligoma zaidi ya miezi mitatu wakidai haki zao za kazi, na wagonjwa wengi ndipo walipofahamu ni nani aliyekuwa akiwatibu.

Msomaji mwenye homa asimtajie tabibu jina la ugonjwa. Amweleze homa ilianza siku gani, dawa gani amekwisha kumeza, na maji ya nyumbani yatoka wapi. Tabibu akimwandikia barua ya kwenda Mbagathi au Kenyatta, aende siku ile ile.